Mkate wa Zamani kwa Kihispania

Masere aliyetufundisha Kihispania alikuwa mtawa kutoka Uhispania na mkunga mkuu wa materniti ya Alunguli, nilikofanya kazi. Mwanzoni tulikuwa wanafunzi wawili tu: mimi na mkunga mwenzangu, rafiki yangu tangu shule. Saa kumi jioni, akina mama wa wodini wakitulia, tuliketi barazani nyuma ya jiko.

Masere alieleza kwamba pale sisi tunaposema mkubwa kuliko, wao husema *más grande que*, na vitu vikilingana, *tan grande como*. Ila uzuri una njia yake: si *más bueno*, ni *mejor*. Akaniomba mfano. Bila kuwaza nikasema mkate wa zamani ulikuwa *mejor* kuliko wa sasa. Tulicheka sote, maana asubuhi ile tulikuwa tumetafuna mkate wa muhogo mgumu kama tofali.

Baadaye akaja mwanafunzi wa tatu, karani wa stesheni ya treni, amevaa abakosi, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Enzi zile za chama kimoja, mgeni akiketi karibu nawe na kutabasamu, ulitazama viatu vyake. Vyake vilikuwa vipya.

"Huyu njo sikio la chama," rafiki yangu aliniambia tukirudi nyumbani. "Chunga mudomo."

Tangu hapo mifano yetu ikawa ya ndizi na kuku. Kuku huyu si mnene kama yule. Mtumbwi huu ni mrefu kuliko ule.

"Masere, na watu je?" karani aliuliza siku moja. "Watu munawalinganisha namna gani?"

Masere akainuka, akasema kengele ya kanisa imelia. Haikuwa imelia.

Haukupita muda nikaitwa. Nilivuka mto kwa mtumbwi hadi ofisi ya chama. Mkuu wa ofisi hakunipa kiti; aliniita raia, kama chama kilivyoamuru watu waitane.

"Sitwayeni, ulisema mukate ya zamani ilikuwa muzuri kupita ya sasa. Zamani gani? Ya Wabelgiji?"

Ndipo nikakumbuka kwamba maneno yale niliyasema kabla karani hajaja. Barazani tulikuwa watatu tu, na Masere asingejichongea mwenyewe.

"Hapana, sitwayeni," nilijibu. "Zamani njo wakati treni ilikuwa inaleta unga. Ilikuwa somo tu la kulinganisha."

"Basi sema kwa iyo luga: Kiongozi wetu iko mukubwa kupita wote."

"*Es el más grande de todos.*"

"*De todos, de todos*," alirudia, maneno yakimkolea mdomoni. Akaniamuru kufagia soko kila siku ya salongo, kazi ya lazima ya umma, mpaka mvua zianze, na akaamuru masomo yafungwe.

Rafiki yangu alikuwa akinisubiri ng'ambo, uso umejaa wasiwasi. Watu walizoea kusema tunafanana kama mapacha.

"Walikuuliza nini, dada?"

"Kitu bure."

"Njo ule karani, eh?"

"Pengine," nikasema, nikamtazama mpaka akageuza macho mtoni.

Miezi baadaye nilikutana na karani stesheni. Akaniuliza sababu ya somo kufa, nikamweleza.

"Kumbe mulizani ni miye?"

"Ndiyo."

"Na miye nilizani njo wewe sikio la chama," alisema, akacheka kidogo tu. "Ile siku nilitaka kujua tu namna ya kumusifu bibi yangu wa ndoa, kama iko muzuri kupita wote."

Nikatazama kulia na kushoto kwanza. Kisha nikamfundisha maneno yale palepale, kwa sauti ya chini, na akaondoka akiyanong'ona.

Rafiki yangu sikumuuliza kamwe. Tulizalisha pamoja kwa miaka mingi, na mikono yetu ilielewana vizuri. Lakini akiingia chumbani wakati nazungumza na mtu, maneno yangu niliyageuza njiani.