Unga Mweusi wa Kichupani

Wakati huo nilikuwa nimebakiwa na sampuli moja tu ya utafiti wangu: chembe za platini zilizoshikizwa juu ya grafini, unga mweusi wa kichocheo unaosaidia hidrojeni na oksijeni kutoa umeme ndani ya seli ya fueli. Nilikuwa nikiupeleka chuo kingine ukapimwe, ukiwa katika kichupa cha kioo, nikapita kwanza nyumbani kwetu Hamugembe kumsalimia mama.

Nilipotoka kuoga nilikikuta kichupa dirishani, kitupu, kinang'aa.

“Waitu mwanangu,” mama alisema akicheka, “profesa mzima unatembea na masizi? Nimekisugua kwa majivu mpaka kimekubali!”

Nilimshukuru, lakini uso wangu ulikwisha kusema jambo jingine. Kicheko chake kikakatika.

“Kwani yalikuwa masizi gani?”

Laiti ningalijibu kwamba yalikuwa masizi tu. Kwa Kihaya sikupata neno la kichocheo, kwa hiyo nikamwambia kwamba ile ilikuwa kazi yangu yote.

Unga ule sikufaulu kuutengeneza tena. Mama naye, tangu siku hiyo, hagusi kitu changu chochote, hata shati la kufua, bila kuniomba ruhusa.