Kukunja na Ukuta

Watu wa miji hii miwili hawaachi kutaniana, na sababu yenyewe ni kwamba imelingana. Mmoja ungekuwa mkubwa na mwingine mdogo, huo mdogo ungejua nafasi yake ukanyamaza. Lakini hesabu ya watu ilipotangazwa redioni ikaonekana imepishana kwa watu wachache mno, na kondakta wa basi liendalo baina ya miji hiyo akapata kichekesho cha maisha.

"Jamani, tofauti ni basi moja tu! Basi lenyewe ndilo hili. Likifika kule, kule ndiko kukubwa. Likirudi huku, huku ndiko kukubwa!"

Siku Bi Pasi alipohama, basi zima lilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa kiti cha mbele, furushi mapajani, shingo ameikaza. Alikuwa anaupunguza mji mmoja na kuuongeza mwingine, na jambo kubwa kama hilo hakutaka lifanyiwe mzaha.

Jina la Pasi hakuzaliwa nalo. Alipewa kazini, hospitali, katika chumba cha kufulia kilicho nyuma ya jiko, ambamo kwa miaka ishirini na sita alifua, akanyoosha na kukunja mashuka ya wagonjwa. Mwenzake aliitwa Bi Ncha, kwa sababu kutwa sauti yake ilikuwa ile ile: "Ncha! Shika ncha! Ncha hiyo, mwenzangu, unaota?"

Asiyewahi kukunja shuka la kitanda kikubwa atadhani ni kazi ya mtu mmoja. Ajaribu aone. Shuka lina ncha nne, na binadamu kaumbwa na mikono miwili. Huyu anashika mbili, yule anashika mbili, mnavuta mpaka shuka lilie pwaa, mnalikunja katikati, kisha mmoja anamfuata mwenzake, anamkabidhi ncha zake, anainama kuokota mkunjo uliobaki chini. Kila mkikutana mnatazamana uso kwa uso. Hapo ndipo Bi Ncha alipokuwa anatupia neno lake, shuka moja neno moja. Habari za ndoa ya mhasibu zilianza shuka la kwanza zikaisha shuka la arobaini, na mtu akiingia katikati hakuambulia kitu.

Walistaafu mwaka mmoja. Baadaye mtoto wa pekee wa Bi Pasi, dereva wa malori ya masafa, akaja kumchukua mama yake akakae naye katika ule mji mwingine. Bi Ncha alikuja kuaga, na kuaga kwenyewe kukageuka ugomvi mbele ya wapangaji wote uani.

"Sasa huko utakunja na nani?" Bi Ncha aliuliza.

Alikuwa na uchungu, lakini uchungu wa Bi Ncha siku zote ulitoka kama kejeli. Bi Pasi akachokozeka.

"Nitakunja na ukuta! Ukuta wa huko una adabu kuliko wewe. Na sirudi, msikie wote. Mji gani huu, maji yake hata sabuni inayakataa?"

Wapangaji wakaguna. Bi Ncha akajifunga upya kitambaa chake cha kichwa, taratibu, kama mtu asiyeambiwa kitu.

"Haya, mwenzangu," akasema. "Msalimie ukuta."

Basi ndivyo walivyoachana.

Bi Pasi hapimi mji kwa barabara wala taa. Yeye hupima kwa shuka. Wiki yake ya kwanza ugenini alifua yote saba ya nyumba ile akasimama kwenye paa la ghorofa kama hakimu. Maji yalikuwa laini, kipande kidogo cha sabuni kilijaza beseni povu. Jua lilifika kwenye kamba saa mbili asubuhi. Vumbi hakuna. Kabla ya adhuhuri mashuka yalikuwa makavu, meupe, yananukia jua. Kule alikotoka maji yalikuwa magumu, sabuni inakatikakatika kama maziwa yaliyochacha, vumbi jekundu lazima ulipige vita, na upepo wa kule uliwahi kunyakua shuka la wodi ya wazazi ukamvika mkaguzi aliyekuwa anapita, akaonekana yuko tayari kwa mazishi yake mwenyewe. Kwa haki ya Mungu, mji mpya ulishinda. Bi Pasi si mtu wa kusema uongo kuhusu mambo ya kufua.

Ila ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na kazi imekwisha.

Mwanawe alikuwa siku tano barabarani na siku mbili kitandani. Mkwewe alifanya kazi idara ya maji, anazunguka mitaa kusoma mita, na jioni alirudi miguu imevimba, akasema, "Shikamoo mama," akala, akalala. Msichana mwenye heshima, hana neno. Bi Pasi alikaa ghorofa ya tatu akisikiliza bomba la jirani likifunguliwa na kufungwa. Akatambua kuwa sasa anajua saa za bomba lile, ila mwenye bomba hamjui.

Kule, akikosa kufika sokoni siku mbili, muuza mkaa alimpigia kelele toka mbali, "Bi Pasi, umepotea!" Huku alikaa ndani siku nne na mafua. Alipotoka akapita kwa muuza mboga, kwa fundi saa, kwa mlinzi wa mlangoni, taratibu, akiwapa wote nafasi. Hakuna aliyemwambia amepotea. Watamwambiaje, na hakuna ajuaye alipotakiwa kuwa?

Kuhusu mashuka, mwanzoni alibisha mlango wa mbele yake. Akafungua mama mmoja mwenye simu sikioni.

"Samahani, dada. Nishikie ncha kidogo tu."

Yule mama alishika kwa mkono mmoja, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa panya. "Eh? Sio wewe, naongea na bibi hapa," akaiambia simu. Bi Pasi alipovuta, shuka lote lilimtoka mwenzake likaanguka kwenye sakafu ya ngazi. Akaliokota, akasema asante, akalifua upya. Hakubisha tena mlango ule.

Mkwewe Bi Pasi hakumwomba. Mkwe haombwi mkono, mkwe huona mwenyewe. Ndivyo alivyolelewa Bi Pasi, na ndivyo alivyokusudia kufa. Lakini mkwe ataonaje, na kila akirudi jioni mashuka yamekwisha kunyooshwa, kukunjwa na kupangwa kabatini kama bahasha?

Alichofanya ni hiki. Alitafuta msumari, akaugongomea ukutani chumbani kwake, usawa wa kifua. Akatoboa vitundu vidogo kwenye ncha mbili za kila shuka, mahali pasipoonekana, akazitundika zote mbili hapo, akarudi nyuma na ncha zake mbili akavuta. Ukuta haukuachia. Ukuta ulishika vizuri sana. Alipoufuata kuukabidhi ncha akajikuta ana kwa ana na chokaa. Mara ya kwanza alicheka peke yake. Mara ya pili hakucheka.

Na Bi Ncha hakuacha kupiga simu. Kila Jumapili.

"Wa huko hamjambo?"

"Hatujambo. Mji mzuri. Maji laini."

"Umeshaniambia maji. Unakunja na nani?"

"Na jirani. Mwanamke safi sana, ana mkono mwepesi kuliko wako."

"Anaitwa nani?"

"Ah! Salio linakwisha."

"Aliyepiga ni mimi!"

Kufa na tai shingoni ndiko huko. Miezi saba ikaenda hivyo, Bi Pasi amejikaza kisabuni, hasemi kwa mwana, hasemi kwa mwenzake.

Halafu siku moja simu ikatoka kwa mwenye nyumba wake wa zamani, mama mwenye roho nzuri ambaye hakupenda kukimbilia kupangisha. "Bi Pasi, kile chumba chako cha kona sijampa mtu. Vitu vyako vimo bado. Ila kuna mwalimu anakitaka kweli kweli. Nimpe au nisimpe? Nipe neno Jumamosi, baada ya hapo usinilaumu."

Angeweza kujibu pale pale. Akisema mpe, ndio basi, hana pa kurudi, atazeeka na msumari. Akisema usimpe, itakuwa amekula matapishi yake mbele ya ua mzima uliomsikia akiapa. Akamwambia, "Nakuja kuchukua pasi yangu ya mkaa. Tutaongea hapo hapo." Pasi yenyewe ilikuwa mbovu toka enzi, mpini umeungua. Mkwewe alimfungia chakula cha njiani, akauliza kama pasi ya umeme ina kasoro. "Haina uzito," akajibu Bi Pasi.

Alifika Ijumaa mchana. Toka stendi mpaka uani vumbi lilimpaka viatu, na muuza mkaa akasimama juu ya magunia yake. "Bi Pasi! Umepotea wewe!" Akatamani kumjibu kitu cha ukali kidogo, kama zamani, akampungia mkono tu.

Hakwenda kwanza kwa mwenye nyumba. Miguu ilimpeleka kwa Bi Ncha, nyumba ya tatu.

"Hodi."

"Nani huyo anabisha kama mdai?"

"Mgeni."

"Mgeni gani hana jina? Karibu basi."

Bi Ncha alikuwa amekonda. Hawakukumbatiana, si watu wa hivyo. Walishikana mikono, wakaishika muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Bi Ncha akaenda kuinjika chai, na Bi Pasi, akiwa peke yake chumbani, akaangalia huku na huku kama afanyavyo kila mgeni. Kitanda kimetandikwa kwa ncha kali. Ndoo. Kiti. Na ukutani, usawa wa kifua, msumari. Kwenye msumari umenasa uzi mweupe.

Bi Ncha aliporudi na vikombe alimkuta ameusimamia.

"Wa nini huu?"

"Wa kalenda."

"Kalenda ya chini hivi? Inasomwa na mbuzi?"

"Bibi wee, umekuja kukagua nyumba au kunywa chai?"

Bi Pasi akakaa. Akanywa nusu kikombe. Mwenzake naye anakunywa, anatazama mlangoni. Angenyamaza hapo, mambo yangepita. Bi Ncha asingekiri hata kwa kiboko, na yeye angepanda basi na pasi yake mbovu, na Jumapili wangeulizana tena habari za jirani. Alijua hivyo. Kwa miaka ishirini na sita, katika ugomvi wao wote, hakuwahi kuwa wa kwanza kushusha sauti.

"Wangu uko juu kidogo," akasema.

"Wako nini?"

"Msumari. Chokaa ya huko laini, ukiuweka chini unang'oka."

Bi Ncha aliweka kikombe chini.

"Na jirani mwenye mkono mwepesi?"

"Hakuna jirani. Nakunja na ukuta. Miezi saba. Haya, cheka."

Hakucheka. Alivuta pumzi, akafuta jicho kwa ncha ya kitambaa chake, akasema kwa ile sauti ya chumba cha kufulia, "Na mimi nilidhani ningezoea." Akainuka, akaleta kipande cha chuma kilichokuwa chini ya meko, akaupiga ule msumari kulia na kushoto mpaka ukatoka na bonge la ukuta. Akautupa nje ya dirisha. "Chumba chako bado kipo, nimesikia. Kesho asubuhi nenda kwa mwenye nyumba. Mimi sitaki tena kuona msumari."

Jumamosi mwalimu alijibiwa hapana, akapata chumba kingine mtaa wa pili. Wapangaji waliguna. Mmoja akauliza, kwa sauti ya kusikika, maji ya kule yamekauka? Bi Pasi akapita katikati yao bila kugeuza shingo. Kwa simu mwanawe alilalamika, tena kwa haki.

"Mama, huko kuna nini ambacho huku hakuna? Soko lipo, hospitali ipo, maji unayasifu mwenyewe."

"Vyote vipo, mwanangu."

"Sasa?"

"Sasa nakuja kuchukua furushi langu."

Alirudi Jumatatu, akafua mara ya mwisho, akaanua. Kisha akaingia chumbani kung'oa msumari, maana hakutaka kuacha nyumba ya watu na alama yake. Alikuwa bado anahangaika nao mlango ulipofunguliwa. Mkwewe amewahi kurudi. Mtaa aliopangiwa siku hiyo ulikuwa mfupi.

"Mama, unafanya nini na msumari huo? Siku zote najiuliza ni wa nini."

"Wa mashuka." Hakuwa na sababu ya kuficha tena. "Nilikuwa natundika ncha mbili, navuta mbili. Halikunjwi na mtu mmoja."

Msichana aliutazama msumari, akamtazama yeye, akaitazama kabati zilikozoea kupangwa zile bahasha.

"Mbona hukuniambia? Ningeshika. Jioni nakaa tu nasubiri uniambie kitu, nikadhani hupendi maongezi."

Bi Pasi akachukua shuka la juu kwenye rundo, akamtupia ncha mbili. Msichana alishika vibaya, akazipishanisha, shuka likajisokota kama kamba.

"Sio hivyo. Kulia kwako ni kushoto kwangu. Vuta. Sasa nifuate."

Msichana akamfuata, akamkabidhi ncha, wakawa uso kwa uso. Alikuwa na doa dogo jeusi chini ya jicho. Miezi saba chini ya paa moja, na Bi Pasi hakuwahi kuliona.

"Lazima uende, mama?"

Chumba cha kona kilikuwa kinamngoja. Kule ukutani kwa Bi Ncha palikuwa na shimo la msumari.

"Nimeshatoa neno," akasema. "Okota mkunjo huo, unaburuza."

Wakakunja la pili, la tatu. La tano msichana alikuwa ameshapata mkono, akawa anavuta mpaka shuka linalia, na kila wakikutana alisema jambo moja: kuhusu mbwa wa mtaa wa juu, kuhusu mzee anayeficha mita yake chini ya pipa. Bi Pasi alisikiliza, akaitikia, na hakuharakisha. Hata hivyo mashuka yalikuwa saba tu. La saba lilipowekwa juu ya mengine msichana akarudi nyuma hatua mbili, akainua mikono, viganja wazi, akangoja ncha.

"Ndio hayo tu, yamekwisha," Bi Pasi akamwambia, akageuka kufunga furushi lake.