Mashine ya Mjomba na Kanzu ya Ijumaa

Nawaambia nyie tu, na mkicheka chekeni kwa adabu, maana mpaka leo nikikatiza ule uchochoro wa Gerezani kuna muuza kahawa ananiita "Fundi Bomba la Mvua", na siwezi kumkasirikia kwa sababu jina nimelitafuta mwenyewe. Kilichoniponza ni wivu. Wivu wangu kwa Maganga.

Maganga anauza spea kibanda cha pili kutoka kwangu, na mimi natengeneza mashine za boti (ndiyo, Kariakoo hiyo hiyo, bahari hatuioni lakini mashine zinatufuata kwa mkokoteni). Yeye Mnyamwezi, Rehema wangu Mzaramo wa Magomeni, na hao ni watani, kwa hiyo kila Rehema akipita kunisalimia Maganga anatoka mbio kibandani, "Mke wangu huyooo! Huyu Mmwera umemwokota wapi?" na Rehema anamtandika kofi la bega huku anacheka mpaka anashika mbavu. Najua utani ni utani. Lakini aliyepeleka posa ni mimi, na tangu niipeleke hajawahi kunipiga hata kikofi, ananiita "kaka Issa" utadhani tumekutana kwenye foleni ya benki, na hilo lilikuwa linaniuma jamani, tena linaniuma kweli.

Jibu la posa lilikuwa kwa mjomba wake, Mzee Kibwana, anayepeleka wageni visiwani kwa boti. Masika yote boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu na mashine kailaza chumbani, imefunikwa kanga kuukuu. Mvua zilipokatika akamwambia Rehema ataileta kwangu Ijumaa, "tumwone huyo fundi." Mnaelewa hapo kilichokuwa kinakaguliwa si mashine.

Akaja na kanzu nyeupe imenyooka (akitoka kwangu anaenda msikitini moja kwa moja), Rehema nyuma yake kabeba hotpoti la pilau.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujawa mkwe bado, lakini marahaba."

Sasa msije mkasema mimi si fundi: nilimwaga petroli iliyolala nikatia mpya, nikafungua kabureta nikaipuliza, nikaweka plagi mpya, nikaifunga mashine kwenye stendi mguu wake ukiwa ndani ya pipa la maji, nikavuta kamba, ikawaka! Wapita njia wakapiga makofi, Mjomba akaanza kutabasamu, na kabla hajamaliza kutabasamu ikajizimikia. Nikavuta, ikawaka, ikanguruma kidogo, kimya. Tena hivyo hivyo. Ugonjwa huo naujua hata usingizini: kwenye kifuniko cha tanki kuna skrubu ndogo ya kupitishia hewa, watu huikaza wanapohifadhi mashine, kisha wanaisahau, na bila hewa petroli haishuki. Lakini macho yangu hayakuwa kwenye tanki. Yalikuwa chini ya mwavuli wa Maganga, aliposimama Rehema anamnong'oneza kitu, na Maganga anacheka, na mimi nikajua (nimejuaje? msiniulize) wananicheka mimi.

Maganga akapaza sauti, "Issa, hebu cheki tanki, linapumua hilo?"

Ningesema "ahsante" tu yangeisha. Mimi nikajibu, "Wewe uza plagi zako."

Sasa nikishasema hivyo tanki nitaligusaje? Nikiligusa mashine ikakubali, aliyeitengeneza ni Maganga! Basi nikawa nagusa kila kitu isipokuwa tanki, nabonyeza hiki, napiga kile, na katika kuhangaika huko kiwiko kikasukuma gia bila mimi kujua. Kamba ikagoma kuvutika (mashine ile ikiwa kwenye gia kamba inajifunga yenyewe, wenye akili waliitengeneza hivyo ili wajinga wasiumie). Mimi nikatangaza kwa sauti ya daktari bingwa, "Mjomba, stata imekufa." Nikaing'oa stata nzima, nikazungusha kamba yangu juu ya gurudumu la mashine, nikafungulia mpini wa mafuta mpaka mwisho, nikamwambia, "Sogea uone mjomba," kisha nikavuta kwa hasira zangu zote.

Ikawaka. Ndani ya gia.

Propela ikayarusha maji ya pipa zima hewani, meusi yenye oili, na nusu yake ikatua kwenye ile kanzu, nyingine kwenye pilau. Stendi ikaanza kutembea, mimi nimeikumbatia mashine napiga yowe, wabeba mizigo wametupa viroba wanakimbia, mpaka Maganga aliporuka akachomoa kamba nyekundu ya kuzimia mashine.

Mjomba anachuruzika oili kuanzia kofia mpaka makubazi. Nilijua Rehema nimemkosa, na nilitamani lile pipa linifunike.

Maganga akamtazama mzee juu mpaka chini. "Haya, Mzaramo leo kaoga!"

Mji huu mzima hakuna mtu mwingine ambaye angethubutu. Nikafumba macho. Nikasikia, "Nyamaza, mpagazi wa Kinyamwezi we," na baada yake kicheko, Mjomba anacheka mpaka anakaa ukingoni mwa pipa. Alienda msikitini na kanzu yangu ya akiba, fupi, miguu yote nje, na kabla ya kuondoka akasema, "Posa tumeikubali, miaka sijacheka hivi. Ila siku ya harusi mlangoni kwa bibi harusi atakaa mtani wetu huyu, asipokufungulia shauri yako."

Rehema akainama kwenye tanki akalegeza ile skrubu. "Mjomba huisahau kila masika, mimi ndiye niliyemwambia Maganga akuulize," akasema polepole. "Ningekwambia mwenyewe mbele ya mjomba ungeaibika." Kisha akanitandika kofi la bega, la kwanza tangu nimjue, na liliuma, nami nikacheka kama mwehu.

Nimeapa: mashine iliyolala naangalia tanki, naangalia gia, ndipo navuta, na watu siwaangalii kabisa. Jana Maganga kapita tena, "Mke wangu hajambo?" Nikamjibu hajambo. Moyo ukanichoma kidogo, nikainama nikaangalia gia.