Siku niliyomwitikia mama marahaba

Leo mama ameniumbua mbele ya wajukuu zake, na nilistahili.

Binti yangu alifukua picha yangu ya miaka ya themanini. Nimevaa shuka nyeupe, mkuki mkononi, ndevu za katani hadi kifuani.

Nilikuwa mhudumu wa hoteli Malindi. Tajiri wetu Mjerumani alituchezesha opera ya kwao, ya miungu wanaouza mapenzi ili wapate enzi.

Mfalme wa miungu nilikuwa mimi. Chekeni tu.

Jioni ya onyesho nimesimama mlangoni na wageni, mara mama huyo, katoka kijijini kwetu Tezo, miguu imejaa vumbi, kikapu cha mihogo kichwani.

Akanitazama. "Shikamoo, mzee."

Nikazishukuru zile ndevu. Nikajibu, "Marahaba," nikaingia kuimba.

Miaka yote hii nimejiambia hakunitambua.

Leo ameishika ile picha akacheka. "Nilikujua palepale. Nilikuona unawatazama wale wazungu, kisha unaitazama miguu yangu. Nikaona heri nikuamkie mimi, usiaibike."

Niko barazani naandika haya.

Jamani, nikirudi ndani nimwamkie vipi?