Siku Mama Alipoingia Ilungu

Nilikuwa mtoto wa kutumwa kuni tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Naanza hapo makusudi, kwa sababu watu wakisikia natoka Sumbawanga hawataki habari za vijiji, wanataka uchawi. Wananiuliza kama ni kweli tunaweza kumpiga mtu radi. Nawajibu: ningekuwa naweza, wewe ungekuwa bado umesimama hapo unaniuliza? Lakini sitasema hatukuwa na imani zetu. Tulikuwa nazo, na moja nusura itunyang'anye mdogo wangu Skolastika.

Kule Ufipa, porini, yamesimama matanuru ya udongo ambayo wazee wa zamani walikuwa wakiyeyushia chuma. Moja tunaliita ilungu. Ni refu kumpita mtu mzima aliyenyoosha mkono, juu wazi, chini lina mlango wa kuingia kwa kuinama. Wahunzi wenyewe walikwisha kufa na moto ulizimika baba akiwa bado anachunga mbuzi, lakini miiko haikuzimika. Mwanamke haingii ilungu. Akiingia na mimba, ilungu linakula mimba. Mtoto akiingia, linakula sauti yake. Mwanamume naye haingii mpaka apakwe dawa na wahunzi, na kwa kuwa wahunzi wote walikuwa makaburini, hakuna aliyeingia. Sisi watoto tukipita karibu tulibana pumzi mpaka macho yanatutoka.

Skola aliingia. Aliingia na akakaa humo kama mtu aliyefika kwake.

Lazima niwaeleze Skola alivyokuwa. Hakuitika jina lake. Alitembea kwa ncha za vidole. Aliweza kukaa asubuhi nzima akipanga maharage kwenye mkeka, na ole wako uyapangue. Ugali alikula wa ulezi tu, na mboga ikigusa ugali, chakula kile kimekwisha, mpe kuku. Maneno yake mwenyewe hakuwa nayo, ila alikuwa na ya kwetu: ukisema kitu kwa ukali, baada ya muda anakirudisha vilevile, kwa sauti yako, na kikohozi chako ndani yake. Mama akifoka, "Nani kaacha mlango wazi?" basi jioni utamsikia mama akifoka tena, na mama mwenyewe yuko kisimani. Hilo tulilijua sisi wa nyumbani tu.

Siku hizi lina jina, usonji. Nililisikia nikiwa na mvi tayari, kwenye redio. Wakati ule jina halikuwepo, na pasipo jina kila mtu huleta lake. Wengine walisema bubu. Wengine walisema mama alikula yai akiwa na mimba. Tulipokuwa tunakaa peke yetu, nyumba na shamba lake, maneno hayo hayakutudhuru, maana jirani wa kuyasema alikuwa mbali. Kijijini tulipangwa kwa mistari, mlango kwa mlango. Nyumba yetu ikaangukia karibu na ofisi, na nje ya ofisi walitundika rimu la gari la kupigia watu waje mkutanoni.

Ee Mungu, mikutano ile. Mkutano wa mbolea, mkutano wa shamba la kijiji, mkutano wa kupanga mkutano. Kila rimu lilipopigwa, Skola aliziba masikio, akajiuma mkono mpaka damu, kisha akakimbia. Alikatisha mashamba, akaingia porini, na ukimfuata utamkuta ndani ya ilungu, ametulia, anajitikisa polepole, hana shida na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kumrudisha. Nilisimama mbali na kumsubiri, kwa sababu nilikuwa na sauti na niliipenda.

Mnajua watu walivyopanga mambo. Mtoto hasemi; mtoto anaingia ilungu; basi ilungu limekula sauti yake na sasa linamwita ili lile na nyama iliyobaki. Kwamba Skola hakusema tangu kuzaliwa, na ilungu alilijua mwaka huo tu, hilo halikumsumbua mtu. Mvua ilipochelewa, wakasema ni yeye. Mke wa jirani yetu mimba ilipoharibika, wakasema ni yeye.

Aliyesema zaidi alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, Mzee Apolinari. Alikuwa na sauti nzito ya kutangulia na kikohozi cha kufuatia, na hakuna kikao kilichoisha bila vyote viwili. Alisema yuko mganga kule Kipili, ziwani, anayewatuliza watoto wa namna hiyo. Tulimfahamu mganga huyo. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa nyumba za chini, mwenye kifafa, alipelekwa kwake. Waliompeleka walirudi na nguo zake tu. Mama yake hakuonyeshwa hata kaburi.

Baba yangu alikuwa mtu mwema, na wema wake wote ulikuwa wa kunyamaza. Kaka yake alisema, yeye akatazama chini. Mama alisema, "Mwanangu haendi." Baba mkubwa akamjibu, "Mke wa mdogo wangu, mtoto ni wa ukoo." Kana kwamba ukoo ndio uliokuwa unamfulia nguo.

Siku yenyewe lilikuja lori la dagaa kutoka ziwani. Liliteremsha magunia yake, na mchana ule ule lingerudi Kipili. Baba mkubwa alikwisha kuongea na dereva. Rimu likapigwa, watu wakusanyike waagane na balaa. Wazee wenye akili zao! Walipiga rimu ili kumkamata mtoto anayekimbia rimu. Skola akatoka kama swala, na mkutano mzima ukageuka kumkimbiza: wanaume mbele, kina mama nyuma na watoto mgongoni, mimi katikati nikilia. Mama alikuwa na mimba kubwa, akaja polepole, mkono kiunoni, hazungumzi na mtu.

Kufika kwenye ilungu, wote wakasimama. Nataka mlione hili. Kijiji kizima, wanaume wenye mapanga, wamesimama mbali na kitanuru cha udongo, na ndani yake yumo mtoto mmoja mwenye gauni lililochanika bega. Hapana anayesogea.

"Ingia umtoe," baba mkubwa alimwambia kijana mmoja.

"Mimi? Mke wangu anajifungua mwezi huu, mzee."

"Wewe basi."

"Mzee Apolinari, si mtoto wa ukoo wako? Ingia wewe."

Watu wengine wakacheka, wakajizuia. Baba mkubwa akakohoa. Akasema hakuna haja, atatoka akisikia njaa, wamfunge hapo mlangoni. "Leteni kamba! Haya, leteni kamba!"

Ndipo mama alipopita katikati yao. Walidhani anakwenda kumbembeleza mtoto atoke. Bibi mmoja akamshika kanga, akamwita kwa jina langu, "Mama Dafrosa, una mimba!" Mama akaivuta kanga yake. Akainama kwa shida, tumbo likagusa kizingiti, akaingia ilungu. Tukasikia anakaa, anashusha pumzi. Kisha akasema kutoka ndani, kwa adabu zote:

"Shikamoo shemeji."

Baba mkubwa akarudi hatua nyuma.

"Tupo huku, mimi na Skola, na huyu wa tumboni. Anayetaka kutuchukua, karibu, nafasi ipo."

Nimesikia watu wakisifu ujasiri wa mama kama vile hakuogopa. Aliogopa. Aliamini ilungu linakula mimba kama walivyoamini wote. Alilelewa na maneno hayo hayo. Aliingia akiamini, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Wasioamini wanaweza kuingia popote bila gharama. Mama aliiweka mimba yake upande mmoja na Skola upande mwingine, akakataa kuambiwa kwamba huyu mmoja si mtoto kamili.

Mimi nikaingia. Si kwa ushujaa. Niliogopa zaidi kubaki nje na watu wale.

Mle ndani palikuwa na baridi nzuri na harufu ya majivu ya kale. Juu, duara la mbingu. Na kimya! Kelele zote za kijiji zilikatika mlangoni kama zimefungiwa. Nilikaa, na kwa mara ya kwanza nikajua Skola alikuwa anafuata nini huko. Hakuwa ameitwa na kitu chochote. Alikuwa anapumzika mbali na sisi.

Huko nje wakaanza kushauriana. Kukawa na utulivu kidogo. Katika utulivu ule, Skola, akiwa bado anajitikisa, akafungua mdomo:

"Leteni kamba! Haya, leteni kamba!"

Sauti nzito. Na kikohozi.

Ile chimni ya udongo iliichukua sauti, ikaikuza, ikaimwaga juu ya miti. Nje baba mkubwa alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka tumboni mwa ilungu. Nilichungulia mlangoni. Alikuwa ameshika koo lake kwa mikono miwili, mdomo wazi, anaogopa kuujaribu. Mtu akapiga kelele, "Limemla mzee sauti!" Basi, mkutano uliahirishwa. Sijawahi kuona watu wanene wakiruka matuta namna ile. Mama alicheka mpaka akashika tumbo, nami nikaogopa kwamba mimba ndiyo inaliwa.

Hatukutoka. Mama alisema, "Bado." Jua likasogea. Baadaye akaja utingo wa lori, akasimama mbali kabisa, akapaza sauti: "Mama! Dereva anasema anaondoka! Hateremki ule mlima gizani!"

"Mwambie asafiri salama," mama akajibu.

Tulisikia honi, kisha injini, kisha injini ikiishia kwa mbali kuelekea ukingo wa bonde. Ndipo mama akasema, "Haya wanangu, ulezi haujasagwa."

Msifikiri tulirudi kushangiliwa. Kwa wiki nyingi hakuna aliyechota maji wakati mama anachota. Baba mkubwa alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo kijiji kizima kilifaidi, na alipoanza kusema tena alisema kwa sauti ndogo kila Skola alipokuwa karibu. Mama alipojifungua, wanawake walikuja kumtazama mtoto kama wakaguzi. Mtoto akalia kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika. Je, walikiri walikosea? Wapi! Walisema ilungu lilikuwa limeshiba sauti ya mzee. Imani ya namna hiyo huwezi kuishinda kwa ushahidi. Ina mfuko wa kila kitu utakachoiletea.

Lakini mama hakuwa na shida na wanachoamini. Alikuwa na shida na rimu. Alipopata nguvu alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, mtoto kifuani, akamwambia rimu lile lihamishwe. Balozi akasema rimu ni la kijiji. Mama akamwambia Skola pia ni wa kijiji, mlituleta hapa wote. Balozi akasema atalifikisha mkutanoni. Mama akasema vizuri, lifikishe, nami siku hiyo nitakuja na Skola awasikilize wazee. Rimu likahamishwa kabla ya mkutano, likatundikwa upande wa pili, karibu na bohari. Skola hakukimbia tena mara nyingi. Hiyo ndiyo dawa pekee aliyowahi kupewa, na hakuna mganga aliyelipwa kwayo.

Yuko hapa kwangu Malangali, Sumbawanga mjini, mzee kama mimi. Hajapona, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Mtaani kwetu yuko mtoto wa namna yake anayefungiwa ndani wageni wakija, na mama yake alikuja kuniuliza kwa kunong'ona, "Bibi, mlimfanyia nini?" Nilimwambia tulimtoa nje. Hakupenda jibu hilo. Alitaka mitishamba au mafuta ya upako.

Lakini sina lingine. Nimelifikiri jambo hili maisha yangu yote, na elimu yangu ya darasa la saba haijanipa jibu la kupamba zaidi. Kijiji kile hakikuelimishwa. Hakuna aliyekuja na semina. Mama aliwanyima lori, akawahamishia rimu, na baada ya hapo Skola alipita mbele ya milango yao asubuhi na jioni, vidole masikioni, kwa ncha za miguu, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakachoka kumshangaa. Asiyechoka hadi leo, shauri yake.