Mashine Niliyopikia Maharage

Mwanangu, naikumbuka siku niliyosimama mbele ya picha moja, kitambaa cha vumbi mkononi, nikasahau kufuta. Ilikuwa nyumbani kwa mzee wa Kizungu ninayemhudumia huku Parramatta, Sydney, maana kwa umri huu bado nahudumia wazee wenzangu, magoti yakiniuma. Pichani Mzungu ameduwaa, na kando yake mkewe anavunjavunja mashine yake ya mbao. Mzee akanieleza kwamba picha ile ilichongwa kwenye ubao na kuchapwa Japani, zamani sana, pamoja na nyingine za wavumbuzi wa Ulaya, ili watu wa kule wajifunze kutokata tamaa. Yule mke alichoshwa na njaa, mume akishinda kwenye mashine tu, akasema. Mume akamfukuza, akaunda nyingine.

Nikaketi bila kukaribishwa. Mwanangu, yule mwanamke ni mimi.

Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ndoa yetu ikiwa changa, Baba Imani alikuwa anaunda mashine ya kusaga mahindi ya mgao, ya kukanyaga kwa pedali za baiskeli. Kila ubao alioupata uliingia humo, na mimi kuni nazifuata mbali, tena kwa hofu. Siku moja nikarudi mikono mitupu, hasira zimenijaa. Nikachukua shoka. Mashine ile nikaipikia maharage.

Aliporudi akaona majivu, akaketi, akala.

"Yameiva vizuri," akasema.

Hakunifukuza, wala hakuunda kitu tena. Hapa Sydney amebeba maboksi kwenye maghala ya Wetherill Park mpaka mgongo ukamshinda, na bomba likivuja nyumbani anasema tuite fundi. Inaniuma hadi leo.

Sasa Jumapili, baada ya ibada, umeniambia utatoa vyuma vya mumeo barabarani, lori la taka la kaunsili lije kuzoa, kwa kuwa gereji imejaa na gari linalala nje. Najua umechoka. Hata mimi sikuwa mke mbaya, nilikuwa nimechoka tu. Mkasirikie, mnunie, mpe kona moja asivuke hapo. Ila usiguse kitu chake kabla hujamwuliza anaunda nini.

Mimi nilichelewa kuuliza. Siku ile ya picha nilirudi nyumbani Guildford nikamwuliza Baba Imani mashine yake ingefanyaje kazi.

"Nimesahau," akasema.

Mungu akupe subira, mwanangu, na wako asije akasahau.