Kabati Lilikuwa Likijibu

Marehemu mdogo wangu alikuwa mwandishi wa programu katika hospitali nilimokuwa nikifua mashuka. Wenzake walimwita Bubu, kwa sababu maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyafunga kwenye pindo la kanga. Hakuoa. Tuliishi wawili katika nyumba aliyotuachia mama, na zilikuwapo siku ambazo sauti pekee niliyoisikia kwake ni kikohozi.

Programu yake ilisimama kati ya kompyuta na kabati la diski, mahali yanapotunzwa majibu ya maabara ya wagonjwa wote. Diski isipojibu, programu ilianza kwa upole: ilifuta ile amri moja iliyokwama. Ikishindikana, iliizima na kuiwasha upya diski hiyo peke yake. Kabati zima liliguswa mwisho kabisa, maana humo mna kazi za watu wengine.

Asubuhi moja alisahau miwani. Nilipompelekea, nilikuta watu wamejaa mlangoni pa chumba cha kompyuta. Umeme ulikuwa umeyumba, na tangu hapo kabati halikusomeka. Taa zake zinawaka, zinazimika, zinawaka tena. Majibu ya siku tatu za mwisho hayakuwa na nakala popote.

"Ng'oa hizo diski, weka mpya," mkuu wa kitengo alisema. "Wagonjwa watatolewa damu upya."

"Bosi, nipe saa moja."

"Saa moja ya nini? Kabati limekufa hilo. Au unataka tulisomee dua?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu alivaa miwani, akainamia maandishi kwenye skrini. Mimi nikasimama ukutani na ndoo yangu ya kufulia, nikimwomba Mungu kimyakimya. Mle ndani hakuna mwingine aliyekuwa upande wake.

Baada ya muda nikamwona ameshika kichwa.

"Kuna nini, mdogo wangu?"

"Dada, halijafa. Diski ikishawashwa upya, jibu lake la kwanza huwa ni taarifa tu: nilizimwa, sasa nimewaka. Unatakiwa uipokee, kisha urudie ombi lako. Programu yangu inaihesabu taarifa hiyo kuwa kosa, inaizima diski tena. Ikiamka tu, tunaipiga."

Alibadilisha mistari miwili. Taa zikatulia. Majibu yote yakarudi, hata ya asubuhi ile.

Mkuu akampiga begani. "Haya, Bubu, umeme umetuonea. Andika hivyo kwenye ripoti."

"Si umeme, bosi. Kosa ni langu mimi niliyeandika programu."

"Umeulizwa?"

Aliandika ukweli, akaweka sahihi. Wiki iliyofuata alitolewa kwenye chumba kile, akapewa chumba cha chini cha kutengeneza printa, peke yake.

Jioni ya siku aliyohamishwa nilimfokea. "Mdomo siku zote umeufunga, ukaja kuufungua siku ya kujichongea! Kunyamaza kungekugharimu nini?"

"Programu hiyo iko katika hospitali nyingine mbili, dada. Wakiandikiwa kuwa ni umeme, watang'oa diski nzima nzima, na watu wapoteze majibu yao."

"Na wewe je? Nani atakutetea?"

Aliosha sahani yake, akaingia chumbani.

Alikaa miaka minne na zile printa. Nilipopita na toroli la mashuka nilimwona kupitia kioo cha mlango, ameinama, mgongo umegeukia nje. Mara nyingi sikugonga. Nilikuwa bado na hasira, na nilijiambia nitagonga kesho. Moyo wake ulisimama siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Aliyemkuta ni karani aliyefuata printa yake.

Kwenye mazishi alikuja mwanamke mmoja nisiyemjua, fundi wa mojawapo ya zile hospitali mbili. Alisema kabati lao liliwahi kufanya vilevile, wakaisoma ripoti ya mdogo wangu waliyotumiwa, hawakung'oa kitu. Alitaka kumshukuru, akachelewa.

Mimi namshukuru Mungu kwa ripoti ile. Na kila nikisali namwomba anisamehe neno nililomwambia mdogo wangu jioni ile, kwa kuwa yeye mwenyewe sikuwahi kumwomba radhi.